Gari haiwaki asubuhi, tatizo betri au stata? Maswali yenu ya umeme wa gari

Maswali ni mengi na karibu yote yanauliza kitu kimoja, gari haiwaki ninunue nini. Jibu langu huwa ni nunua mita ya kupimia umeme kwanza, hizi ndogo za kidijitali, manake bila mita tunapiga ramli tu.

Shikamoo fundi. IST yangu asubuhi nikiwasha inafanya tktktktk na taa za dashibodi zinafifia. Nikibusti kwa betri ya gari nyingine inawaka fresh. Jirani kasema stata imekufa. (Nkuhungu)

Marahaba. Stata iache kwanza. Hiyo tktktk ya harakaharaka mara nyingi ni umeme mdogo, yaani ile solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) inavuta, ikivuta tu umeme unaporomoka inaachia, umeme unapanda inavuta tena, ndo hiyo kelele. Pima betri gari ikiwa imelala usiku kucha, volti 12.6 imejaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 imeisha. Alafu mtu apige stata huku unaangalia mita, isishuke chini ya 9.6 hivi, ikidondoka mpaka 7 wakati ilikuwa 12.5 hiyo betri imekufa kwa ndani hata kama kwa macho ni nzima. Na usishangae imeanza Julai, betri inachakazwa na joto la Oktoba na Novemba ila baridi ya Dodoma ndo inakuja kutangaza msiba, oili nzito na betri yenyewe inatoa nguvu kidogo. Ikishawaka pima tena, inatakiwa 13.8 mpaka 14.5. Ikibaki 12 na kitu oltaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji, na betri mpya utaiua vilevile.

Mkuu, Probox yangu ya kwenda Kondoa nimeweka betri mpya, stata mpya, bado inapiga "ta" moja inanyamaza. Nimechoka. (Chang'ombe)

Pole sana kaka, na pole ya hela, manake nahisi hiyo stata ya zamani ilikuwa nzima. Waya umepimwa? Wengi wanapima betri tu, ila umeme unaweza kuwepo kwenye betri na usifike kwenye stata. Fanya hivi, weka mita kwenye volti, ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri, ile risasi yenyewe sio kichwa cha waya, nyingine iguse chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikisoma 0.2 uko vizuri, ikizidi 0.5 umeme unapotelea njiani, labda kichwa kimelegea au kina unga mweupe, au ule waya unaounganisha injini na bodi umeoza chini kwenye boliti. Rudia upande wa chanya, kuanzia nguzo ya betri mpaka boliti kubwa ya stata. Dawa ni spana na msasa, hasi inatoka kwanza na inarudi mwisho. Kama njia zote safi, pima ule waya mdogo wa stata wakati unapiga switi, ukiwa na umeme wa kutosha na stata haizunguki hapo ndo urudi kwa aliyekuuzia, na kama umeme haufiki kabisa angalia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi ya gia, jaribu kuwasha ikiwa N badala ya P.

Gari ya otomatiki inawaka kwa kusukuma?

Hapana. Mtachoka bure.

Gari yangu ni ya kubonyeza. Nakanyaga breki nabonyeza, redio inawaka ila injini kimya. (Mtumba)

Dada, mwambie mtu asimame nyuma ukanyage breki. Taa za breki zisipowaka gari haijui kama umekanyaga, angalia fyuzi ya taa hizo na swichi ndogo juu ya pedali. Zikiwaka, basi gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe ndo ubonyeze, ikiwaka ni betri ya rimoti imeisha.

Noah ilikaa karibu na ghala la mahindi, sasa stata inazunguka kwa nguvu ila haishiki. (Kibaigwa)

Ghala la mahindi! Fungua boneti utafute waya uliotafunwa, panya wanapenda joto la injini. Washa switi bila kupiga stata, taa ya injini isipotokea kabisa kompyuta haipati umeme, anza na fyuzi ya EFI, yaani mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta, na rilei yake. Ikitokea, shuku pampu ya mafuta au sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Ila Toyota nyingi pampu hailii mpaka stata izunguke, kwaiyo ukimya wa pampu kabla ya hapo usikutishe.

Nikiiacha siku tatu betri inaisha, na ni mpya. (Iyumbu)

Kuna kitu kinakunywa umeme gari ikiwa imelala. Toa waya wa hasi, pitisha mita ya ampea ya tundu la 10A kati ya waya na betri, funga milango, subiri nusu saa. Gari nyingi zinatakiwa ziwe chini ya ampea 0.05. Ikisoma 0.5 hizo ni ampea-saa 12 kwa siku, betri ya ampea-saa 45 haifiki mbali. Chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba idondoke, anza na redio, alamu na tracker uliyofungiwa mtaani. Na usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.