Usiiandike njia ya faili, uulize mfumo

Skripti ya kusakinisha inakwenda vizuri kwenye Ubuntu, ukiipeleka FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, unaambiwa haipatikani, na faili unaiona kwa macho yako. Angalia mstari wa kwanza, `#!/bin/bash`, unaotaja programu ya kuiendesha skripti. Kisichopatikana ni `/bin/bash`. Kwenye FreeBSD bash si sehemu ya mfumo. Ukiiongeza kwa `pkg`, chombo chake cha kusakinisha programu, inakaa `/usr/local/bin/bash`. Andika `#!/usr/bin/env bash` ili itafutwe kupitia PATH, orodha ya saraka ambamo mfumo hutafuta programu. Mimi hupendelea `#!/bin/sh` kila inapokidhi haja, kwa sababu hata Mac, yenye `/bin/bash`, inakupa toleo la 3.2, la zamani mno.

Tofauti hizi zina sababu. FreeBSD hutenga mfumo wa msingi na programu zilizoongezwa baadaye, ndiyo maana mipangilio ya nginx, programu ya seva ya wavuti, iko `/usr/local/etc/nginx`, wakati Debian huiweka `/etc/nginx`. NetBSD, ndugu ya FreeBSD, huweka programu zilizoongezwa ndani ya `/usr/pkg`. Homebrew, chombo cha kuongeza programu kwenye Mac, iko `/usr/local` kwenye Mac za Intel, na `/opt/homebrew` kwenye zenye chipu za Apple. Linux zenyewe kwa zenyewe hazilingani: maktaba za biti 64 ziko `/usr/lib64` kwa Fedora, na `/usr/lib/x86_64-linux-gnu` kwa Debian.

Huwezi kukariri yote, wala huna haja. Programu uitafute kwa `command -v`, maktaba kwa `pkg-config`, Homebrew kwa `brew --prefix`. Kwenye Makefile, faili ya maelekezo ya kujenga na kusakinisha programu, weka `PREFIX ?= /usr/local`, yaani saraka kuu ya kusakinishia, kisha njia nyingine zote zitokane na hiyo. Ila kuna jambo linalowasumbua wengi: kama programu inabeba njia ya mipangilio yake ndani, PREFIX itajwe tangu wakati wa kuijenga, kuitaja kwenye `make install` peke yake ni kuchelewa. DESTDIR ni kitu kingine, ni saraka ya muda ya watengeneza vifurushi kukusanyia faili, na haipaswi kuingia ndani ya programu.

Wapo wanaotengeneza kiungo cha `/bin/bash` kwa `ln -s`, kinachoelekeza kwenye bash ilipo, na kuendelea na kazi. Siwashauri. Mashine hiyo itapona, lakini atakayeichukua skripti yako kesho atakwama palepale.

Kabla ya kuitoa programu yako kwa wengine, ijaribu ukiwa mtumiaji wa kawaida, bila `sudo`:

`make PREFIX=$HOME/jaribio`
`make PREFIX=$HOME/jaribio install`

Mstari wowote unaolazimisha kuandika ndani ya `/usr` au `/etc` utakataliwa ruhusa hapo hapo, na utauona ni upi.