Maswali ya Wasomaji: Nimepandisha somo langu mtandaoni, mbona hakuna anayelitumia?

Safari hii kapu limejaa barua za walimu wanaotengeneza masomo ya kidijitali na kuyashea mtandaoni. Nimechagua sita. Zingine zinafanana sana, ukiona swali lako halipo soma la mwenzio, huenda jibu lako limo humo humo.

Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha sayansi. Nilikaa Jumamosi tatu natengeneza somo la umeme, slaidi 34, video mbili na chemshabongo ya kubofya majibu, nikalipandisha mtandaoni walimu wengine walichukue bure. Watu wanalifungua, wanaandika "kazi nzuri" wanapita. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia amelifundisha. Nimekosea wapi?

Marahaba mwalimu, na pole kwa hizo Jumamosi. Nimeifungua linki uliyotuma nikajiuliza kitu kimoja tu, hivi nikiingia na hili somo darasani kesho asubuhi dakika ya kwanza nafanya nini? Sikupata jibu. Slaidi zako zinapendeza kweli, tatizo ni kwamba zile ni za kuonyesha wakati wewe unaongea, na maneno uliyokuwa unayaongea umebaki nayo kichwani, sasa mwalimu aliyezipakua huko aliko anakodolea macho picha ya balbu hajui aulize nini, anyamaze wapi, na wanafunzi wafanye nini mkononi. Anakuandikia "kazi nzuri" kwa adabu, anarudi kwenye daftari lake la zamani.

Hebu tuchukue hilohilo la umeme. Umeweka linki ya simulesheni (jaribio la kuigiza kwenye skrini) ya sakiti, yaani njia ya umeme, ya PhET, ule mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobel 2001. Chaguo zuri sana. Ila chini yake umeandika "wanafunzi watafungua simulesheni na kujifunza kuhusu sakiti". Watajifunzaje? Mi nimeshaliachia darasa simulesheni ile bila swali lolote, ndani ya dakika tano wakawa wanashindana nani ataunguza betri kwanza, maana ukiiunganisha vibaya inawaka moto kwenye skrini na hilo ndo lilikuwa somo la siku.

Ingekuwa mimi ningeandika hivi. Kabla hawajagusa kifaa chochote, mwalimu achore ubaoni betri moja na balbu moja inayowaka, halafu aulize: nikiongeza balbu ya pili inayofanana na hii kwenye njia hiyohiyo moja, zitawakaje? Kila mtu aandike ubashiri wake kwa kalamu, na hapa mwalimu asiseme nani kapata. Kisha andika kabisa kwenye andalio lako kwamba wengi watasema balbu ya kwanza itawaka zaidi na ya pili itafifia eti kwa sababu ya kwanza imeshakula umeme. Aliyefundisha umeme popote duniani anakutana na hili kosa. Ndo sasa wafungue simulesheni waunganishe, waone zote mbili zimefifia sawasawa, hapo zogo linaanza lenyewe, mwalimu mwenyewe hahitaji kupiga kelele. Baadaye waziunganishe sambamba, kila moja iwake kama ilivyokuwa peke yake, waeleze kwa maneno yao kwa nini.

Umeona tofauti? Simulesheni ni ileile, kilichoongezeka ni swali la mwanzo na lile kosa ambalo wewe unalijua kwa sababu umeshasimama mbele ya watoto. Hicho ndo kitu ambacho mwalimu mwenzio hawezi kukipata kwa kutafuta mtandaoni, na ndo kwanza watu wengi wanakiacha nje kwa kuogopa kuonekana somo lao lilikwama. Andika lilikwama wapi! Andika "hapa niliweka dakika 10 ikala 25". Hiyo mistari miwili ina thamani kuliko slaidi 30.

Juu kabisa, kabla ya mapambo, weka umri wa wanafunzi, muda, vifaa (simu moja kwa watu wangapi?), ukubwa wa faili, na nini kifanyike umeme ukikatika au projekta ikigoma. Basi.

Nina foldari ya masomo niliyoyakusanya miaka mingi, mengi yalikuwa na michezo ya hisabati ya Flash. Sasa hivi nikifungua napata kiboksi cheupe tu. Nimefanya kosa gani?

Hujafanya kosa lolote. Kwanza kwa wasomaji wengine, Flash inayosemwa hapa sio ile flashi ya kuchomeka kwenye kompyuta, ni teknolojia ya Adobe iliyokuwa inaendesha katuni na michezo kwenye tovuti. Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na Januari iliyofuata wakaizuia isifanye kazi kabisa. Masomo mengi ya walimu yalizimika siku hizohizo. Kuna programu ya bure inaitwa Ruffle inaweza kufufua baadhi ya hayo mafaili, ijaribu, ila usitegemee yote yatafunguka. Michezo mingine walioitengeneza waliiandika upya kwa HTML5 inayofunguka kwenye kivinjari chochote, PhET wenyewe wamefanya hivyo kwa simulesheni zao nyingi, kwa hiyo tafuta kwa jina la mada kabla hujatupa kitu.

Na usidhani ni mambo ya zamani tu. Ubao wa Jamboard wa Google ulifungwa 31 Desemba 2024, kuna walimu walikuwa wamejenga mihula mizima juu yake. Mimi mwenyewe nimeshaumbuka, nilikuwa na video moja nzuri mno ya mmeng'enyo wa chakula, somo lote limening'inia hapo, nimesimama mbele ya darasa nabofya, mwenye video kaifuta. Watoto wakanitazama. Nikawatazama.

Ndo maana siku hizi kwenye andalio nasema kifaa kinafanya kazi gani, jina la kifaa linafuata. Badala ya "tumia Jamboard" naandika "kila kikundi kibandike wazo lake mahali ambapo wote wanaona kwa wakati mmoja, kwa mfano ubao wa mtandaoni, ikishindikana karatasi ukutani". Kifaa kikifa somo linabaki na miguu yake. Mwaka 1995 Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego alibuni aina ya somo inaitwa WebQuest, mwanafunzi anapewa kazi yenye swali gumu, anapewa kurasa za kuchimba, anatengeneza kitu na kigezo cha alama anakijua tangu mwanzo. Ukikutana na WebQuest ya zamani utakuta linki zimekufa, lakini ile kazi yenyewe ukiibadilishia vyanzo bado inafundishika. Unajua kwa nini, kwa sababu alianza na swali.

Mwalimu kuna mtu amechukua somo langu, akafuta jina langu, akaliuza. Nimeumia sana. Niache kushea?

Pole sana, hiyo inauma na una haki ya kukasirika. Ila kabla ya kuacha nikuulize, ulipolipandisha uliandika popote watu waruhusiwe kufanya nini? Maana wengi tunaandika "bure kwa walimu wote" tunafikiri tumemaliza, wakati neno bure halisemi kama mtu anaweza kubadilisha, kutafsiri, wala kuuza.

Kuna leseni za Creative Commons, zilitolewa mara ya kwanza Desemba 2002, ziko tayari na hulipi chochote, unaandika tu herufi zake na linki yake kwenye ukurasa wa kwanza wa faili. Zipo sita. CC BY ni mtu afanye anachotaka, hata kuuza, ili mradi akutaje. Ukiongeza SA maana yake akibadilisha na kuisambaza lazima naye aiachie kwa masharti hayohayo, Wikipedia wanatumia hiyo. Ukiongeza NC hakuna biashara. Ukiongeza ND hakuna kusambaza kilichobadilishwa.

Wewe kwa hasira utaikimbilia ND, nakuona. Tulia kwanza. ND inamzuia mwalimu mwenye nia njema asishee toleo alilolitafsiri au alilolipunguza lifae watoto wadogo, na kwa andalio la somo hicho ndo watu wanachokihitaji zaidi, sijawahi kuona mwalimu anafundisha somo la mwenzie neno kwa neno. Kwa hali yako ningeweka CC BY-NC-SA: wakutaje, wasiuze, wakiboresha waachie na wengine. Ujue tu kwamba leseni hizi ukishampa mtu nakala yake huwezi kumnyang'anya, ukibadili mawazo kesho aliyeipata jana bado anaruhusiwa kwa masharti ya jana.

Na leseni haifukuzi mwizi, inakupa tu pa kushika. Yule aliyeuza, mwandikie kwanza yeye, asiposikia iandikie tovuti anakouzia ukiambatanisha faili lako la awali lenye tarehe, tovuti nyingi za kuuzia zina fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Ndo maana lile faili la kwanza usilifute hata kama lina makosa.

Sheria hii inakuhusu na wewe pia, maana barua tatu nyingine zimeuliza kuhusu picha. Picha kuonekana kwenye matokeo ya kutafuta haimaanishi ni ya bure, na kisingizio cha "nilitumia darasani tu" kinapungua nguvu siku unapolipandisha somo hadharani. Tafuta zenye leseni, tovuti ya Wikimedia Commons imejaa, na chini ya kila picha andika mwenye picha na leseni yake. Au piga yako kwa simu.

Naruhusiwa kuweka picha za wanafunzi wangu wakifanya somo? Zinavutia watu.

Zinavutia, ndio, na mimi nakushauri usiweke. Mzazi aliyesaini fomu ya shule hajaruhusu sura ya mwanae izunguke kwenye mafaili ya watu asiowajua, na faili likishapakuliwa huwezi kulirudisha. Piga picha ya kazi yao, mikono, mchoro, daftari lisilo na jina. Hata hizo angalia, simu nyingi huficha ndani ya picha mahali ilipopigwa, zima hiyo lokesheni kwenye kamera kabla. Na karatasi za alama zenye majina usizipandishe kabisa, hata kwa kutoa mfano.

Siku hizi naiomba AI iniandikie andalio, sekunde ishirini limetoka lote. Kuna ubaya nikilishea kama langu?

Ubaya wa kwanza ni kulishea kabla hujalifundisha. Yale maandalio yanatoka yamenyooka mno, dakika tano utangulizi, dakika kumi majadiliano, kila mtoto anaelewa, hakuna anayeomba kwenda chooni. Pia huwa inataja tovuti au video ambazo ukibofya hazipo, na kwenye hesabu inaweza kukosea jibu kwa kujiamini kabisa, kwa hiyo kila linki ifungue na kila swali ulifanye mwenyewe kwa kalamu. Kuitumia kupata rasimu au kupata mifano kumi ya maswali ya sehemu, sina tatizo, hata mimi natumia. Ukishalifundisha ukalirekebisha lishee, na useme wazi kwamba rasimu ilitoka kwa AI, mwenzio ajue pa kuangalia mara mbili. Usichokifundisha ukakipandisha umeongeza takataka tu kwenye rundo ambalo mwalimu mwingine atalipekua usiku akiwa amechoka.

Na kuna dada mmoja kauliza hapohapo, kama shuleni hakuna intaneti haya yote yana maana gani. Yana maana, dada, ila mshea ndo anatakiwa akufikirie. Simulesheni nyingi za PhET zinapakuliwa zikafunguka bila mtandao. Programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia kwenye kompyuta au simu uisome bila mtandao. Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality, unaiweka kwenye kompyuta moja, wanafunzi wanaunganisha vifaa vyao hapo kwa waifai ya ndani bila bando. Kwa hiyo nyie mnaopandisha, msiweke linki tupu, wekeni na faili lenyewe pale leseni inaporuhusu, mlipunguze uzito, na andalio lenyewe liwe mara mbili: PDF ya kuprinti, na nyingine inayoweza kurekebishwa. PDF peke yake inamfanya mtu achape upya kila kitu. Wengi hawachapi.

Nilishea andalio langu la Google Docs kwa linki, ndani ya wiki mtu kafuta nusu na mwingine kabadilisha majibu. Nifanyeje?

Uliwapa ruhusa ya kuhariri, kwa hiyo wote walikuwa wanaandika kwenye nakala yako moja. Nenda kwenye historia ya matoleo urudishe la mwanzo, halipotei. Kisha badili ruhusa iwe ya kutazama tu, na mwisho wa linki pale palipoandikwa edit, futa neno hilo na kila kinacholifuata, andika copy. Anayebofya ataulizwa kama anataka kutengeneza nakala yake, akaichezee huko kwake.