Jibu: Kroos ana Ligi ya Mabingwa tano au sita?

Salaam mkuu. Umekwama kwamba Toni Kroos anatajwa kuwa na Ligi ya Mabingwa sita, nawe kwa Real Madrid unapata tano: 2016, 2017, 2018, 2022 na 2024. Hesabu yako ya Real Madrid ni sahihi, ila taji la sita alilipata kabla ya kufika huko. Mimi huanza na klabu aliyotoka mchezaji. Hapo angalia Bayern Munich, msimu wa 2012/13. Aliumia robo fainali dhidi ya Juventus, kwa hiyo jina lake hulioni kwenye fainali ya Wembley, Dortmund walipolala 2-1. Ila taji lile alilitolea jasho hasa: 16 bora, kule kwa Arsenal, ndiye aliyefungua mabao, Bayern wakaondoka na 3-1. Mhesabie sita bila wasiwasi.