Re: Mwenye gari alipe kiingilio kwenye maonyesho?

Salaam mkuu. Umesema mnaandaa maonyesho ya magari Kinondoni, mmetaja kiingilio cha elfu thelathini kwa kila gari na wenye magari watano wamegoma kulipa.

Angalia kwanza: watazamaji wanalipa getini? Kama wanalipa, basi gari langu ndilo wanalokuja kuliona. Kunitoza na mimi ni kumkatia msanii tiketi ya shoo yake mwenyewe.

Mimi nina Peugeot 504, natokea nayo Mbagala. Mwaka jana nililipa mahali fulani, nikafika saa moja asubuhi gari limepigwa polishi linang'aa, nikaonyeshwa sehemu ya vumbi kando ya jenereta. Kivuli hakuna, mlinzi hakuna. Saa nane mtoto kapanda boneti na viatu vyake apigwe picha, mama yake anacheka! Sikurudi tena, na wala si kwa ajili ya ile hela.

Kama geti ni bure, hapo tozeni, maana uwanja na walinzi ni pesa. Ila pokeeni mapema, kwa simu. Aliyelipa hata elfu kumi atakuja na mvua ikinyesha. Aliyeahidi bure anawaachia nafasi tupu. Aliyelipa apewe namba ya sehemu yake, kamba ya kuzuia watu na sahani ya pilau. Muuza rimu na spea huyo ni mfanyabiashara, alipie meza.

Wenye magari ya zamani kabisa msiwaguse. Land Rover Series inayowaka kwa kusukumwa, mjazieni mafuta tu, watu watajazana wenyewe.