Ultrasaundi ya kiuno: maswali yenu wiki hii

Swali: Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) kanifanyia ultrasaundi ya kiuno ila sijapewa picha wala majibu. Nimeibiwa?
Hujaibiwa. Jamani hili nishalijibu mara kibao. Ile ya kupima mimba ndo inatoa picha, hii ya fizio inapeleka mawimbi ya sauti kwenye misuli, haipimi kitu.

Swali: Nimeandikiwa mara kumi, kila mara nalipia. Nitapona diski ya uti wa mgongo iliyotoka mahali pake?
Kwa mashine hiyo, hapana, na hapa ndo huwa napata hasira. WHO kwenye mwongozo wao wa 2023 wa maumivu ya mgongo ya muda mrefu wameshauri ultrasaundi isitumike, Uingereza nao walishaikataa tangu 2016, lakini huku kwetu mtu bado anapakwa jeli, anazungushiwa kile kichwa cha mashine kiunoni dakika tano, anasikia kajoto, anavaa shati analipa anaondoka na hakuna hata mtu aliyemwambia hebu inama nione, au kumuuliza anabebaje ndoo, anakaa kwenye bodaboda masaa mangapi. Mawimbi yanaingia sentimita chache tu, hayarudishi diski. Hiyo hela mwambie fizio akufundishe mazoezi ya mgongo na nyonga mpaka uyajue, uyafanye nyumbani, na utembee kila siku. Na akitaka ulipie zote kumi kwa mkupuo, muulize kwanza mazoezi yangu yako wapi.

Swali: Nina mimba ya miezi sita, kiuno kinaniua, nikafanyiwe?
Hapana. Usiseme mbona ile ya kuangalia mtoto ni salama, hii ina nguvu zaidi na inapasha joto. Waambie kliniki.

Swali: Nilale tu mpaka kiache kuuma?
Usilale. Endelea na shughuli zako kadiri unavyoweza, kitanda kinakukaza zaidi.

Swali: Mgongo miezi mitatu sasa, jioni homa, usiku jasho, nimekonda. Naendelea na mashine.
Ndugu yangu, acha mashine leo, nenda hospitali ukapimwe TB. Inashika mpaka uti wa mgongo, na unaweza usikohoe kabisa. Na nyie wengine, ukiona mkojo umegoma au unakutoka bila kujua, ganzi sehemu za siri, au miguu inaisha nguvu, usisubiri asubuhi wala zamu ya fizio, tafuta gari usiku huohuo uende hospitali kubwa.