Jikoni kwa Shangazi: Siagi imetoka, tufaha limeingia, keki imegoma

Keki ya karoti ya toleo lililopita, ile niliyoitia rojo la tufaha, yaani matufaha yaliyopikwa yakapondwa, badala ya nusu ya mafuta, imeleta barua kuliko hata pilau ya Idi. Nazijibu zile ambazo wengi wameuliza.

*Shikamoo Shangazi. Baada ya ile ya karoti nikaona nijaribu kwenye keki yangu ya vanila. Nimetoa siagi yote, nikaweka rojo la tufaha kipimo kwa kipimo. Imetoka nzito, inavutika, katikati imezama. Beking pauda ni mpya kabisa. Tatizo nini? – Mama wa Wawili, Tabata*

Marahaba mwanangu. Beking pauda iache, haina kesi. Siagi kwenye keki ya vanila ina kazi mbili kubwa, na tufaha haliziwezi. Kwanza inashika hewa. Unapoivuruga na sukari mpaka ikapauka, unatia vipovu vidogo vidogo, na hivyo ndivyo beking pauda inavyovitanua keki ikipata moto. Rojo la tufaha livuruge mpaka mkono ufe ganzi, hewa halishiki. Pili, mafuta yanazifunika chembe za unga zisinywe maji mengi na kung'ang'aniana. Tufaha lenyewe karibu asilimia 85 ni maji. Ukitoa mafuta ukatia maji, kisha ukakoroga kwa bidii kama tulivyozoea, unga unavutika na unachokata sahanini ni ndala.

Kwa hiyo keki yoyote inayoanza kwa kuvuruga siagi na sukari iachie siagi yake. Kama roho haitulii, punguza robo tu. Tufaha lipeleke kwenye keki za kukoroga kwa mafuta ya maji: karoti, ndizi, boga, chokoleti, au ile ya mdalasini na tangawizi. Mapishi yakitaka kikombe kimoja cha mafuta, tia nusu kikombe cha mafuta na nusu cha rojo. Koroga kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane tena, halafu weka mwiko chini. Wapo wanaoapa kwamba unaweza kutoa mafuta yote na usione tofauti. Mimi naiona, tena kesho yake asubuhi naiona zaidi.

Hukusema unaokea nini. Kama ni sufuria na mkaa, jua kwamba keki ya tufaha inawahi kupiga rangi juu huku ndani bado mbichi. Rangi ikishakubali, punguza makaa ya kwenye mfuniko na uiache iendelee taratibu. Choma kijiti katikati, usiamini macho.

*Shangazi, rojo lenyewe nalipata wapi? Supamaketi nimeona chupa moja ya kutoka nje, bei nikairudisha rafuni. – Mpenda Keki, Arusha*

Umefanya vizuri kuirudisha. Chukua kilo moja ya matufaha, ya Lushoto au Njombe ukiyapata, menya, toa moyo na mbegu zote, katakata. Tia sufuriani na robo kikombe cha maji na kijiti cha mdalasini, funika, moto mdogo, dakika 15 mpaka 20. Yakishalainika toa mdalasini, ponda kwa mwiko au pitisha kwenye blenda. Utapata karibu vikombe vitatu. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapoharibu: chota kijiko ukigeuze. Likimwagika, rudisha jikoni bila mfuniko likauke kidogo. Rojo la kuokea linatakiwa likae kijikoni. Sukari usitie, keki ina yake. Yale ya kijani machachu ndiyo nayapenda, yanaipa keki ladha. Mekundu yaliyokaa sana yanakuwa ungaunga na matamu matupu. Kwenye friji linakaa wiki. Kwenye friza ligandishe kwa vipimo vya nusu kikombe.

Na kama matufaha yako juu mwezi huo, ponda ndizi mbivu au boga lililochemshwa likachujwa maji. Kazi ni ile ile, ila ndizi itataka kila mtu ajue kwamba imo.

*Shangazi, jirani yangu wa Upanga ni Mhindu, nyumbani kwao hawali mayai. Binti yake anatimiza miaka mitano nami nimejitolea keki. Nimesikia tufaha linaziba pengo la yai. – Jirani Mwema*

Linaziba, ukiwa na kiasi. Robo kikombe cha rojo kwa yai moja, ongeza nusu kijiko cha chai cha beking pauda, kwa sababu yai huinua keki na tufaha haliinui. Mayai mawili unaweza kuyafidia hivyo. Mapishi ya mayai manne, au keki ya sponji inayosimama kwa mayai yaliyopigwa, usijaribu. Ila kwa nini usimuulize mama mtu? Wapishi wengi wa Kihindi wanaoka keki zisizo na mayai kwa mtindi au maziwa mazito ya kopo, na kwa keki ya sherehe mimi ningefuata njia yao.

*Mume wangu ana kisukari. Nikitoa sukari nikaweka tufaha, ale kwa uhuru? – Wa Morogoro*

Kwa uhuru, hapana. Kikombe cha sukari ni gramu 200. Kikombe cha rojo lisilotiwa sukari kina kama gramu 23 za sukari ya tunda lenyewe. Umepunguza sana, lakini unga wa ngano bado upo, na huo nao unapandisha sukari mwilini. Kipande chembamba, tena kihesabiwe kwenye chakula chake cha siku kama daktari wake alivyompangia. Na ukifanya hivyo punguza maziwa au maji ya mapishi, la sivyo utaoka uji.

*Matufaa yetu ya Unguja je, yale mekundu yenye umbo la peasi? – Jang'ombe*

Yale kula na chumvi. Ni tunda jingine kabisa, maji matupu. Ukiyapika hayatoi rojo zito.

*Bi Shangazi, huku Muscat chupa za rojo la tufaha zimejaa madukani. Naweza kulitia kwenye maandazi na mkate wa kumimina kupunguza mafuta? – Bibi wa Seeb*

Bibie, mkate wa kumimina ni mchele, tui, hamira na iliki. Mafuta unayotaka kuyatoa ndiyo tui lenyewe, na ukilitoa tui sijui utamwambia nini mgeni. Uache kama ulivyo.

Maandazi yanakubali: vijiko viwili vitatu vya rojo badala ya samli ya kukandia, na maji upunguze kiasi hicho hicho. Yanakuwa laini, ila yanawahi kuwa meusi. Lakini samli ya kukandia ni kidogo, na karai zima la mafuta linakusubiri. Shida iko karaini. Mafuta yapate moto sawasawa kabla ya kutumbukiza la kwanza, usijaze karai, na ukiyatoa yatandaze kwenye karatasi, usiyarundike kwenye bakuli.