Oili ya gari la safari fupi

Ndugu yangu, umesema gari lako la petroli huenda sokoni na shuleni tu hapa Malindi, kilomita 3 kwa siku, nawe wauliza oili ibadilishwe lini. Usingoje kilomita 10,000 za kitabuni: badilisha oili pamoja na chujio lake kila miezi 6 au kilomita 5,000, kitakachotangulia, kwani injini isiyopata moto wa kutosha huacha mvuke na petroli isiyoungua vichanganyike na oili. Langu nililikuta na utando mweupe kama tui chini ya kifuniko cha oili. Tangu hapo huliendesha hadi Watamu, mji wa jirani, kila wiki ili injini ipate moto wa kutosha. Lakini utando huo ukiandamana na maji ya rejeta kupungua, usiliwashe tena. Mwite fundi, huenda gasketi, kizibo cha kichwa cha injini, imeungua na maji yanaingia kwenye oili.